SEHEMU YA 9: Bangili iliyoninunulia wiki nane

Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na habari ya mtoto njiti akishatoka hospitali. Nitaendelea, msijali. Ila wengi mmeniandikia mkiuliza swali moja: "Dada nesi, zile wiki za ziada ulizokaa nyumbani na mtoto ulizilipia na nini?"

Nilizilipia na bangili. Na kabla ya bangili kulikuwa na hereni, ambazo naweza kusema nilizitupa. Leo nawasimulia yote, pamoja na ya aibu, maana najua kuna mama hapa ana kitu kwenye kabati na shida mlangoni.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua binti yangu alizaliwa wiki ya 31, hapa Birmingham, mwaka 2023. Alikuwa na gramu 1,420. Tulikaa wodi ya watoto njiti wiki saba. Sasa shida ilikuwa hii: mtoto akiwahi kuzaliwa, likizo ya uzazi inaanza kuhesabiwa siku inayofuata. Haijali kama mtoto yuko mikononi mwako au yuko kwenye mashine. Sheria ya kuwaongezea wazazi likizo kwa mtoto aliyelazwa ilianza kutumika hapa Uingereza Aprili 2025. Sisi ilitupita. Kwa hiyo wiki saba za likizo yangu zilikwishia kwenye kiti cha plastiki, nikimwangalia mwanangu kupitia kioo.

Mimi nilizitaka zile wiki saba. Nilitaka zirudi.

Dhahabu nilikuwa nayo. Mama yangu mdogo alifanya kazi ya yaya London miaka 19, nyumba moja hiyo hiyo. Alipostaafu kurudi Tanga, yule mama mwenye nyumba alimpa zawadi mbili: hereni za Van Cleef & Arpels, zile za umbo la ua lenye petali nne na gamba jeupe la chaza katikati, na bangili ya Cartier, ile inayoitwa Love, inayofungwa kwa bisibisi. Mama mdogo akanipa mimi siku ya harusi yangu. Alisema yeye mikono yake imezoea kupara samaki.

Mimi nami sikuzivaa. Manesi wa hapa hatuvai kitu chini ya kiwiko zaidi ya pete moja isiyo na jiwe. Zikakaa kwenye soksi, ndani ya droo, miaka sita.

HERENI

Ilikuwa wiki ya tano wodini. Baba watoto amepunguziwa zamu kazini, kodi ya nyumba imekaribia, na kila siku tunalipa maegesho ya hospitali na chakula cha kununua. Siku moja nilitoka wodini mchana, sijalala, maziwa yanavuja, nikapanda basi hadi Jewellery Quarter. Kwa wasioijua, huo ni mtaa wa masonara wa Birmingham, wa siku nyingi sana. Ofisi ya kupima na kugonga muhuri dhahabu ya mji huu ilianzishwa mwaka 1773.

Niliingia duka la kwanza lililoandikwa wananunua dhahabu. Yule bwana akaziangalia hereni, akaziweka kwenye mizani, akatoa uzito wa lile gamba kwa sababu gamba si dhahabu, akapiga hesabu. Paundi 160.

Sikuuliza hata swali moja. Nilisema asante, jamani! Nikatoka nimefurahi kama mtu aliyeokota.

Wiki mbili baadaye nikapita tena mtaa ule, nimekwenda kumtengenezea mume wangu saa. Dirisha la duka jingine, nikaona hereni za aina ile ile, petali nne, gamba jeupe. Zimetumika, wameandika hivyo. Bei: paundi 2,600.

Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama niko salama.

Sasa nataka niwe mkweli. Yule bwana wa kwanza hakuibadilisha mizani. Uzito alionipa ulikuwa wa kweli na bei ya dhahabu ilikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba alinipa bei ya dhahabu ya kuyeyusha, na mimi nilikuwa nimempelekea kitu ambacho thamani yake haikuwa kwenye dhahabu. Ukitoa gamba, hereni zile zina gramu chache tu. Kinacholipiwa ni kazi ya fundi, jina la nyumba iliyozitengeneza, na watu wanaolitafuta lile umbo tangu lilipotoka mwaka 1968. Mizani haina namba ya vitu hivyo.

SIMU YA TANGA

Nilikaa na siri ile siku tatu. Siku ya nne nikampigia mama mdogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu?"

Nikamwambia mjukuu ameongeza gramu 30. Halafu nikalia, nikamwambia na la hereni. Nilijua atakasirika. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hereni zimekwenda. Na bangili?"

"Bangili ipo."

"Basi hiyo usiipeleke peke yako, na usiipeleke ukitoka wodini. Una karatasi yake?"

Karatasi gani? Kumbe siku ile alipopewa zawadi alipewa pia boksi jekundu, cheti, na bisibisi yake ndogo. Boksi alikuwa anawekea uzi na sindano. Cheti alikiweka kwenye bahasha pamoja na pasipoti yake ya zamani, na yule mama mwenye nyumba alikuwa ameandika kwa mkono, na tarehe, kwamba amempa iwe mali yake. Jirani mmoja alikuwa anakuja London mwezi ule. Bahasha na boksi vikaja, bado vina harufu ya nondo za kabati.

Mama zangu, vitu vile vitatu viliniongezea mamia ya paundi. Bangili hii ina bandia nyingi sana duniani. Mnunuzi anayeona cheti chenye namba inayolingana na namba iliyochongwa ndani ya bangili anapumua. Na ile barua ya mkono ilijibu swali ambalo hawakuliuliza kwa sauti: mwanamke huyu mweusi, nesi, amekipata wapi kitu hiki? Niliwaona wanavyoniangalia. Niliiweka barua mezani kabla hawajafungua mdomo.

NILICHOFANYA SAFARI HII

Kwanza nilipiga hesabu yangu mwenyewe nyumbani. Hii ifanyeni hata kwa pete ndogo. Ndani ya dhahabu kuna namba. 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18, 875 ni karati 21, 916 ni karati 22. Piga picha kwa simu, ikuze, utaiona. Namba ile inakwambia katika gramu 1,000 ngapi ni dhahabu tupu. Bangili yangu ilikuwa 750 na uzito gramu 33. Kwa hiyo dhahabu tupu ndani yake ni 33 mara 0.75, karibu gramu 25. Kisha tafuta bei ya dhahabu ya siku hiyo kwenye simu. Wanaitaja kwa aunsi, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Gawanya, zidisha. Hiyo ndiyo sakafu yako. Mtu asikushushe chini mno ya hapo.

Pili, niliangalia alama nyingine. Kwenye Love ya kweli utakuta jina la Cartier, 750, namba ya saizi, na namba yake ya pekee. Vito vya hapa Uingereza vinaweza kuwa na muhuri wa mji: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London. Dhahabu ya karati 18 ya Ufaransa ina kichwa kidogo cha tai. Ukiona jina la mtu au la nyumba ya vito usiyoijua, lisome, litafute, kabla hujaenda popote.

Tatu, sikuisafisha. Nilitamani kuing'arisha, ilikuwa na mikwaruzo. Nashukuru nilimuuliza fundi mmoja mzee kwanza. Akaniambia kung'arisha kunakula dhahabu na kunafuta maandishi, na mnunuzi wa vitu hivi anataka maandishi yasomeke. Kitambaa laini, basi. Vile vile usibadilishe skurubu, usitoe jiwe, usipunguze saizi.

Nne, nilikwenda sehemu nne, na kila mahali niliuliza swali lile lile: "Unaninunulia kama dhahabu au kama bangili ya Cartier?" Swali hilo peke yake linabadilisha mazungumzo.

Duka la dhahabu: paundi 1,090. Huyu alikuwa mwungwana, alisema mwenyewe, "Mama, mimi nayeyusha, usiniuzie mimi."

Muuzaji wa kwanza wa vito vya majina vilivyotumika: 2,200.

Nyumba ya mnada: walikadiria itauzwa kati ya 2,500 na 3,500, lakini wao wanakata kamisheni, na mnada ulikuwa baada ya miezi mitatu. Wanakubali uweke bei ya chini kabisa ambayo isipofika hawauzi. Kwa asiye na haraka, na hasa mwenye kitu cha zamani au cha nadra, hiyo ni njia nzuri.

Muuzaji wa pili wa vito vilivyotumika: 2,850. Wakaipima kwa mashine isiyokwaruza, wakasoma namba kwa lenzi, wakalinganisha na cheti, wakanakili kitambulisho changu. Walisema wazi kwamba wao wataiuza zaidi ya hapo. Sawa, wana kodi ya duka na dhamana ya kumpa mteja wao. Nikasaini. Hela iliingia benki nikiwa nimekaa palepale, na sikunyanyuka mpaka nilipoiona.

Kumuuzia mtu binafsi kungenipa zaidi. Sikutaka. Nina mtoto mchanga, sitaki mgeni anayejua nyumbani kwangu kuna dhahabu. Kama wewe utafanya hivyo, basi iwe benki, mchana, na mwenzio pembeni. Picha ya muamala kwenye simu ya mnunuzi si hela.

Sasa tofauti kati ya 1,090 na 2,850 ni paundi 1,760. Bangili ni ile ile na gramu ni zile zile. Tofauti ilikuwa cheti, maswali, na siku nne za kutembea.

LAKINI MSINIELEWE VIBAYA

Baada ya hapo shoga yangu mmoja alinijia mbio na bangili sita za mama yake, za Muscat, karati 21, nzuri sana. Akataka naye apate "bei ya jina." Nikamwambia ukweli: hizi hazina jina, zina uzito. Na uzito wake ni mwingi, mshukuru Mungu. Dhahabu ya aina hiyo iuze kwa gramu, zungukia maduka matatu, chukua anayekupa asilimia kubwa ya bei ya siku. Usipoteze mwezi mzima kutafuta mnada. Vito vingi vya mama zetu ni vya namna hii, na hakuna aibu yoyote. Ujanja ni kujua kilicho mkononi mwako ni kipi kati ya hivyo viwili.

Nimefanya kazi ya wodi miaka kumi na mmoja, hapa na Tanzania. Kule nyumbani nimeona kina mama wakivua pete kwenye korido, mume anakimbia nayo kwa sonara, anarudi na hela ya dawa. Siwezi kumwambia mama huyo azungukie maduka manne. Mtoto anasubiri. Ndiyo maana nawaambia ninyi leo, wakati hakuna anayelia: fungua droo sasa. Soma namba. Piga picha. Tafuta cheti na risiti kwa aliyekupa, angali hai. Andika kwenye daftari kipi ni cha gramu na kipi ni cha jina. Siku ya shida ikija, utakuwa umeshajua, na mumeo au dada yako atajua hata kama wewe umelazwa.

Paundi 2,850 zilinipa wiki nane bila mshahara, baada ya likizo kwisha. Wiki saba nilizodaiwa, na moja ya juu. Katika wiki hizo binti yangu alianza kutambaa, sebuleni, akifuata kifuniko cha sufuria. Niliona kwa macho yangu. Nilimpigia mama mdogo palepale nikamwonyesha kwa video. Akaangalia muda mrefu, akasema, "Bangili hiyo mimi sikuwahi kuivaa hata siku moja. Wewe umeivaa vizuri."

Hereni bado zinaniuma. Nikipita dirisha lile naangalia upande wa pili.

Sehemu ya 10, inshallah: mtoto njiti amerudi nyumbani, usiku wa kwanza bila mashine ya kukwambia kwamba anapumua. Mbaki salama, na mfungue hizo droo.