Orodha ya Wadaiwa

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kompyuta haikosei, na kwa imani hiyo sikuona haja ya kusoma kwa makini nilichokichapisha. Nilikuwa karani katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Mwanza. Kila mwisho wa mwezi nilifungua hifadhidata yetu ya Microsoft Access, nikapanga madeni kuanzia kubwa kwenda dogo, nikampelekea bosi ukurasa wa kwanza. Waliokuwa kwenye ukurasa huo hawakukopeshwa tena mpaka walipe.

Safu ya madeni niliitengeneza mwenyewe. Niliipa aina ya maandishi badala ya namba, kwa sababu nilipenda kuweka mikato ya maelfu, na pengine kuongeza maneno kama "amelipa nusu". Ikapokea kila nilichoandika.

Alikuwapo fundi mmoja mzee, akidaiwa 9,800. Jina lake lilikuwa juu kabisa. Mkandarasi aliyedaiwa 1,450,000 alikuwa kurasa za nyuma, akiendelea kuchukua saruji kwa mkopo. Mzee alikuja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hivi mimi ndiye mdaiwa mkubwa wa duka hili?" Nikamjibu kwamba ndivyo kompyuta inavyosema. Orodha ilikuwa mkononi mwangu na sikuitazama. Jibu lile bado linaniuma.

Mwaka huo alikuja mama mmoja mhasibu kukagua hesabu. Aliisoma orodha, akaniita pembeni, akafunga mlango. Akanieleza kwamba maandishi hupangwa kama maneno ya kamusi: hulinganishwa alama ya kwanza kwa alama ya kwanza, na zikitofautiana, zinazofuata hazitazamwi tena. 9 iko juu ya 1, basi, hata kama nyuma ya ile 1 kuna mamilioni. Ndiyo maana pia 10 hutangulia 2 ukipanga kuanzia dogo. Angeweza kuandika jambo hilo kwenye ripoti na kuniachia aibu. Badala yake alikaa nami hadi jioni, na sikuwa nimemtendea jema lolote.

Kurekebisha hakukuwa rahisi. Nilijaribu kwanza Val, amri inayosoma maandishi na kutoa namba, na deni la 1,450,000 likawa 1. Val husoma kutoka kushoto na kusimama inapokutana na alama isiyo ya namba, na mkato wa maelfu ni mojawapo. Ikabidi mikato iondolewe kwanza kwa amri ya Replace. Halafu visanduku vitupu vikaleta hitilafu, kwa kuwa Val haikubali pasipo na kitu. Kulikuwa na mahali nilipochapa herufi O nikidhani ni sifuri. Na penye "amelipa nusu" hakuna amri iliyosaidia. Nilirudi kwenye ankara za karatasi, moja baada ya nyingine, nikapiga simu kwa watu niliowasumbua bure.

Nilipofanikiwa nikashikwa na pupa, nikataka kila safu iwe ya namba. Mama yule akanizuia. Namba ya simu ikigeuzwa hupoteza sifuri yake ya mbele. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na hata Excel ikiisoma kama namba hushika 15 tu; zinazobaki huzigeuza sifuri. "Jiulize kama kuna maana yoyote kuzijumlisha," aliniambia. "Kama haipo, ziache zibaki maandishi." Kipimo hicho nakitumia mpaka leo.

Bosi nilimweleza mwenyewe, na hakunifukuza. Kisha nikaenda kwa yule fundi kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu kama sasa anaweza kupata mifuko miwili ya saruji, maana kuna choo cha watu hakijafunikwa. Alipewa siku hiyohiyo.

Ndugu yangu unayetunza vitabu vya duka, huenda uko pale nilipokuwa. Fungua jedwali lako utazame safu ya fedha. Kama hukubadilisha mpangilio, namba hukaa upande wa kulia wa kisanduku na maandishi upande wa kushoto. Ukizikuta kushoto, weka kwanza nakala ya faili mahali salama, ndipo uanze kuondoa mikato.