Mistari Ikutane Mpakani



Wapendwa taifa la Mungu, Sherehe ya Mwili na Damu Takatifu ya Kristo inakaribia. Vijana wetu wa Mungaa wameomba kuchora kwa chaki kalisi na masuke ya ngano juu ya sakafu ya saruji mbele ya kanisa, nasi tumeridhia.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Nchini Italia wapo wachoraji wa barabarani waitwao madonnari, jina litokanalo na Madonna, yaani Bikira Maria, waliyezoea kumchora. Tangu mwaka 1973 wamekuwa wakikutana kijijini Grazie, karibu na Mantova, kwenye Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, wakachora kwa chaki mbele ya kanisa la Mama Maria.

Namna ya kukuza mchoro ni nyepesi. Karatasi yenye upana wa sentimita 20 hugawanywa katika miraba ya sentimita 2. Sakafuni hupigwa miraba ya sentimita 40, kwa uzi uliopakwa unga wa chaki. Kisha kila mraba hunakiliwa mahali pake, na mchoro hufikia upana wa mita 4. Lakini kosa nalo hukua mara 20: milimita 2 zilizopinda karatasini huwa sentimita 4 sakafuni. Ndiyo maana Bwana, katika Luka 16:10, aliupima uaminifu kwanza katika mambo madogo.

Miraba tumeigawa kwa jumuiya ndogo ndogo. Mdomo wa kalisi unavuka mpaka wa jumuiya mbili ambazo, kama tujuavyo sote, hazijaelewana tangu suala la michango. Kila moja ikichora kwa ustadi wake bila kumtazama jirani, tutapata vipande viwili, wala si kikombe. Ili mstari ukutane, ni lazima wapige magoti pamoja na kukubaliana utavukia wapi: nusu ya ukingo au robo yake. Mgawanyo huo hatukuufanya kwa bahati.

Wengine watapewa mraba usio na kitu ila rangi tupu. Wasinung'unike, bila rangi hiyo kalisi haionekani.

Baada ya Misa maandamano yatapita juu ya mchoro, na chaki itafutika kwa nyayo zetu. Haidhuru. Tumwombe Mungu kwamba salamu iliyorudi kati ya majirani isifutike pamoja nayo.

Mungu awabariki nyote.