Usiuze Jina la Mungu kwa Cha Juu

Ilala, Dar es Salaam

Mpwa wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia umeanza uwinga Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Winga anayemtafutia mteja mzigo mzuri anastahili cha juu chake. Kinachonitia hofu ni viapo. Mteja wa mkoani unamwapia, "Wallahi, mimi mwenyewe nimechukua kwa elfu 40," ilhali mzigo si wako na dukani unauzwa elfu 25.

Hapo Kariakoo watu wanaogopa albadiri, kisomo cha kumwombea mkosaji adhabu. Aliyeibiwa akitangaza kwamba atakwenda kuisoma, mwizi hukosa usingizi. Basi ajabu ni hii: tunaogopa kisomo cha mwenzetu, lakini hatuogopi kumwita Mwenyezi Mungu ashuhudie uongo wetu. Anayeapa hivyo amejisomea mwenyewe.

Wala usingoje radi ndiyo ujue umeadhibiwa. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa kiapo huiuza bidhaa, kisha huifuta baraka. Na Sura ya Al-Imran, aya ya 77, inawaonya wanaouza viapo vyao kwa thamani ndogo: Akhera hawana fungu, na Mungu hatasema nao wala kuwatazama Siku ya Kiyama. Usitegemee kafara ya kulisha maskini 10 ukadhani yameisha. Wanazuoni wengi wanasema uongo wa makusudi kama huo ni mzito kuliko kafara. Sisi Mashafii tunaambiwa tuitoe, na bado tunadaiwa toba na haki ya mtu.

Lakini usimnyooshee kidole aliyepatwa na msiba. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, moto haukuchagua mkweli wala mwongo. Hesabu ya viapo ni ya mja na Mola wake; wewe jikague nafsi yako.

Mteja akikutaka uape, mwambie: bei yangu ni hii, ukiridhika chukua, usiporidhika zunguka kwanza. Uliyemwapia uongo na namba yake unayo, mpigie umrudishie kilichozidi. Usiyeweza kumpata, mtolee sadaka, na uombe toba.

Najua mwanzoni kipato kitayumba. Ukibanwa na kodi au chakula, njoo kwangu kabla hujaapa. Nilicho nacho tutagawana. Mungu auhifadhi ulimi wako.

Wako akupendaye,
Mjomba