Kufuli la Choo cha Wanawake

Mwaka 1984 nilikuwa na miaka kumi na minne, nikisafiri na mama kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma kwa Reli ya Kati, daraja la tatu. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Tulipoketi tu, mama akanionya: "Maji ni ya kulainisha koo. Usinywe ukashiba."

Siku ya pili nikaelewa. Injini iliharibika kwenye stesheni moja ya bara, jina nitalihifadhi, tukakaa pale kwa saa sita. Choo cha behewani hakikuruhusiwa treni ikisimama stesheni, maana kila kitu huangukia relini. Basi tukateremka. Wanaume hawakuwa na shida: choo chao kilikuwa wazi, na aliyechoshwa na foleni alizunguka nyuma ya mabehewa ya mizigo, akarudi anafunga zipu, mazungumzo yanaendelea. Mlango wetu ulikuwa na kufuli lenye kutu, na buibui ametanda kwenye komeo.

Mama mmoja mjamzito alikwenda kuomba ufunguo. Akaambiwa wanawake huchafua choo, na mwenye ufunguo ameenda kula. Alikula mpaka tukaondoka.

Wanawake sita au saba wakavua khanga zao za juu, wakasimama duara nyuma ya tangi la maji, migongo ikiwa ndani. Tuliingia kwa zamu, mjamzito wa kwanza. Mimi nilikuwa mwezini kwa mara ya pili tu maishani. Mama alinimiminia maji ya kunawa kutoka kwenye dumu letu, yale yale aliyoninyima kunywa, na hakusema neno.

Siku hizi wachora ramani za majengo hugawa eneo la vyoo nusu kwa nusu, wakaona wametenda haki. Nusu ya wanaume huenea vyumba na sehemu za kukojoa wima. Yetu ni vyumba tu, na ni sisi wenye watoto mgongoni. Foleni ya nje ya mlango wetu mnaijua.

Mwaka 2024 nilipanda treni ya umeme kwenda Dodoma. Choo cha behewani kilikuwa safi, hakina kufuli. Chupa ya maji niliyonunua Dar es Salaam niliteremka nayo haijafunguliwa.