Nilinunua G5 Nikidhani Kubwa Ndiyo Kali

Wasee, kabla hujanunua kompyuta kwa sababu inakaa kali, wacha nikuambie yangu.

Dadangu mdogo alikuwa ameanza kujifunza programu shuleni, na huko kompyuta moja wanagawana watu watatu. Hapa kwetu Sironga hatukuwa na hata moja. Nilikuwa nimeweka elfu tano. Fundi mmoja Kisii mjini alikuwa na Mac mbili za zamani, elfu nne kila moja: Power Mac G5, ile kubwa ya alumini, na Mac mini G4 inayotoshea kwa begi ya shule.

"Kijana, chukua hiyo ndogo," akaniambia.

Mimi nani? Nikachukua G5.

Sikuwa mjinga kabisa. G5 ni ya biti 64, yangu ilikuwa na prosesa mbili na RAM GB 2. Mini ina nafasi moja tu ya RAM, mwisho GB 1. Na zote ni PowerPC, zile chipu Apple ilitangaza Juni 2005 kwamba inaziacha ihamie Intel. Mac OS ya mwisho kuzikubali ni Leopard ya 2007. Kwa hivyo yoyote ungechukua, lazima utafute mfumo mwingine wa kuiendesha. Nikasema basi, heri yenye nguvu.

Hiyo kitu ina karibu kilo 20. Makanga alinilipisha kama nimebeba gunia la viazi. Ndani kuna feni tisa, na zikiamka zote hata ng'ombe wa jirani anageuka. Tokeni za stima zikaanza kuisha mapema, Mama akaanza kuniangalia vibaya.

Nikajaribu MorphOS, mfumo mwepesi uliotoka kwa watu wa Amiga. Kwa G5 inataka kadi ya picha ya Radeon. Yangu ilikuwa Nvidia. Skrini nyeusi, full stop. Nikaenda Debian. Hao waliacha kuitoa rasmi kwa PowerPC za biti 32 na toleo la 9, mwaka 2017, lakini kuna watu wa kujitolea bado wanaiendeleza. Iliingia, lakini rangi zilikuwa za ajabu, sura za watu kijani kama sukuma. Dadangu akarudi kwa kitabu chake. Hiyo ndiyo iliniuma.

Nikairudisha. Fundi alicheka kwanza, halafu akanibadilishia, nikaongeza mia tano.

Mini inakula wati 85 ikizidi sana, na Radeon imo tayari. MorphOS iliwaka haraka hadi nikashangaa, shida ni kwamba usipolipia, baada ya dakika 30 inaanza kujikokota mpaka uwashe upya. Tukaishia OpenBSD, ambayo bado inatoa toleo jipya la hizi Mac kila miezi sita hivi. Haina urembo. Unaandika amri, inajibu. Lakini Python inakimbia vizuri, na hiyo ndiyo tulitaka.

Sitawadanganya: YouTube sahau, na tovuti za siku hizi zinaimeza hiyo GB 1 yote. Video zangu bado nahariri kwa simu. Kama pesa yako inafika laptop ya Intel ya mtumba, nunua hiyo, weka Linux, usinisikize. Lakini kama hazifiki, uliza kwanza kadi ya picha ni gani na stima inakula ngapi. Mambo ya biti 64 baadaye.

Wiki iliyopita dadangu aliandika programu yake ya kwanza bila kitabu: inajumlisha kilo za majani chai ya Mama kwa mwezi, halafu inalinganisha na karatasi ya malipo. Mama alivuta kiti, akasoma zile namba polepole.

"Sasa hii," akauliza, "inajua bonasi itakuwa ngapi?"