Tulichokikuta Nang'oma

Tulikuwa watu kumi na wanne, kina mama na vijana wa kwaya, tulipoondoka Tingi asubuhi ya Jumamosi kwa barabara ya Kipatimu. Tulikwenda kuyaona mapango ya Nang'oma, katika Milima ya Matumbi. Lakini wengi wetu tulikuwa na nia nyingine moyoni. Tulikuwa tumesikia kwamba wapo watu wanaotambika mle ndani, tukapanga tuingie tuimbe, tukemee, na kupatakasa mahali pale.

Lipo jambo ambalo lazima tuliseme kwanza. Miezi mitatu kabla ya safari tulimzika mama mmoja wa jumuiya yetu. Alikuwa na presha, na vidonge vyake alivimeza kila siku bila kukosa. Mmoja wetu alimletea chupa ya maji yaliyoombewa, aliyoipata kwenye mkutano mbali na huku kwetu. Tukamzunguka, tukaomba, tukamwambia aamini tu. Naye akaamini. Vidonge akaviweka juu ya kabati. Wiki ya tano alianguka jikoni, na hakuinuka tena. Tangu siku ile hakuna kati yetu aliyeitaja ile chupa.

Njiani mwinjilisti wetu alitueleza kwamba mapango yamewavuta wanadamu wa dini nyingi. Ng'ambo ya bahari hii hii, walikotoka Wahindi waliofungua maduka Kilwa Kivinje, kuna mapango ya Elephanta karibu na Mumbai. Watu walichonga mwamba wakafanya hekalu la mungu wao Shiva, na hadithi za kule husema waliolijenga ni ndugu watano waitwao Pandava. Tulisikiliza, tukatikisa vichwa kwa kuwahurumia.

Aliyetupokea ni mzee wa Kimatumbi, Mwislamu. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia, "Marahaba, wajukuu zangu." Alipofika kwenye mdomo wa pango alisimama, akavua kofia, akapiga hodi kama anayeingia nyumba ya mtu. Pembeni tuliona vipande vya kitambaa cheupe na sarafu chache. Vijana wetu wakatazamana. Mmoja alikwisha kuanza kupasha sauti ili aanzishe wimbo.

"Ngojeni kwanza," mzee akasema. "Mjue mmeingia kwa nani."

Akatusimulia. Mwezi Julai mwaka 1905, watu wa Matumbi walipochoka kulimishwa pamba ya Wajerumani, waling'oa miche yake kule Nandete, na vita vya Majimaji vikaanza. Kule Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alikuwa amewapa watu maji ya dawa, akisema risasi za Wajerumani zitageuka maji. Tarehe 4 Agosti mwaka ule ule wakamnyonga Mohoro. Vita viliendelea hadi 1907. Askari walichoma vijiji na vyakula, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wakati huo, mzee alisema, babu zake waliingia humu pangoni na watoto wao, wakiwaziba midomo wachanga wasilie.

Kijana wetu mmoja akacheka. "Babu, watu wazima kabisa waliamini risasi itakuwa maji?"

Mzee hakukasirika. "Mjukuu wangu, walichapwa viboko walime pamba ya mtu mwingine, mashamba yao yakiota majani. Akaja mtu akawaambia dawa ipo. Aliyebanwa hachagui. Wewe ungeyakataa maji yale?"

Hakuna aliyejibu. Yule mama aliyeileta chupa aliketi juu ya jiwe, akajifunika uso kwa kanga. Wote tulijua analia nini, maana mikono iliyomwekea marehemu ilikuwa yetu sote.

Tukaingia ndani na tochi. Popo walikuwa wengi juu, na chini palikuwa na ubaridi. Kina mama wawili wakamuuliza mzee, je, waliojificha humu walipona kwa nini? Akasema walipona kwa sababu jiwe liliwaficha, na kwa sababu wapo waliotoka usiku kuchimba ming'oko na kuchota maji, wakarudi kuwagawia wenzao.

Hapo ndipo tulipomkumbuka Obadia katika kitabu cha kwanza cha Wafalme. Yezebeli alipowaua manabii, Obadia aliwaficha mia moja, hamsini hamsini pangoni, akawalisha mikate na maji. Maji yale hayakuwa na muujiza ndani yake. Yalikuwa maji ya kunywa, na muujiza ulikuwa mtu mwenye hofu ya Mungu aliyekubali kuyabeba kwa hatari ya maisha yake.

Hatukukemea chochote siku ile. Hatukuweka kitambaa wala sarafu pia, kwa kuwa sisi tegemeo letu ni Kristo. Tulimwomba mzee ruhusa, naye akaturuhusu, tukapiga magoti gizani tukatubu. Tulitubu kwamba tulimwambia mgonjwa aamini, kisha hatukurudi kumwuliza kama amemeza dawa. Kupiga maombi kulikuwa rahisi kwetu kuliko kumsindikiza zahanati.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulikwenda sote kwa mume wa marehemu. Tulimwambia ukweli wote, na sehemu yetu ndani yake. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Niliviona vile vidonge juu ya kabati. Na mimi nilinyamaza." Akaingia ndani akatuletea maji, tukanywa pamoja naye.

Leo tunaendelea kuwaombea wagonjwa, na tunaamini Mungu anaponya. Lakini kabla ya amina mmoja wetu huuliza, "Dawa zako umekunywa?" Na siku ya kliniki, anayewasindikiza kwenda Kivinje mara nyingi ni yule yule mama aliyeileta chupa.