Gari la mbio kwa mfuko wa mzazi: Kutoka yadi za Ngong Road hadi Grogan

JUMAMOSI kabla ya saa nne asubuhi, vijana wa yadi za Barabara ya Ngong jijini Nairobi huwa wameshamaliza kuosha magari. Maji yanatiririka hadi mtaroni, matairi yamepakwa dawa ya kung'aa, na kila kioo cha mbele kimebandikwa karatasi ya mwaka, ukubwa wa injini na bei.

Wazazi huja wawili wawili, wengine na watoto. Wamekuja kutafuta gari la familia: la kupeleka watoto shuleni, kwenda sokoni na kufika ushago Krismasi. Lakini baina ya Toyota ndogo na gari la mizigo huwa pameegeshwa Subaru yenye tundu la hewa juu ya boneti, na hapo ndipo miguu ya mmoja wao husimama. Si baba peke yake. Siku hizi akina mama wengi ndio wanaouliza kwanza, "Hii ni tabo?"

Muuzaji anajua jibu la swali hilo lina uzito gani. Hufungua mlango, huwasha injini na kuiacha ingurume.

Mapenzi ya Wakenya kwa magari haya yana historia. Patrick Njiru alishindana katika Safari Rally akiendesha Subaru mapema miaka ya 1990, na vijiji vizima vilitoka kando ya barabara kumshangilia. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari akiwa na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akafanya vivyo hivyo. Watoto waliosimama vumbini wakati huo ndio wazazi wa leo, na sasa wana mshahara na SACCO.

Kuna sababu nyingine isiyotajwa sana. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Yenye tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, haiumii kiasi hicho. Aliyezoea gari dogo linalohema likipanda Limuru, siku akiendesha lenye tabo hulala akiliwaza.

Wenye mfuko mdogo hununua la nani?

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo gari jipya kidogo kutoka Japan, baada ya ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT, huwa limepita uwezo wa wengi. Familia yenye akiba ya wastani inayotaka gari lenye nguvu hujikuta inatazama lile lililokwisha kutumiwa humu humu nchini, mara nyingi na watu wawili au watatu.

Hilo hubadilisha kila kitu. Gari linalotoka Japan huja na karatasi ya mnada yenye alama, na kule magari hukaguliwa kisheria kila baada ya miaka miwili baada ya ukaguzi wa kwanza. Lililoishi Nairobi limepigwa na matuta, limejaa vumbi, na limepitia mikono ya mafundi wa kila aina. Namba yake ya usajili, iwe inaanza na KB au KC, huonyesha lilisajiliwa Kenya zamani kiasi gani. Haisemi lilitunzwaje.

Ndiyo maana mafundi wazoefu hutoa ushauri mmoja kwa anayetaka gari la mbio kwa pesa kidogo: mchunguze mwenye gari kabla ya gari. Gari la kawaida huvumilia mmiliki mvivu. Lenye tabo halivumilii. Aliyechelewa kubadilisha oili, aliyezima injini ghafla kila siku baada ya kuikimbiza, au aliyemwita kijana wa kompyuta aongeze nguvu kupita ilivyotoka kiwandani, alikuwa anakopa. Anayenunua ndiye atakayelipa deni hilo.

Magari mengi ya yadini ni ya watu binafsi, yameletwa yauzwe kwa niaba yao. Mnunuzi ana haki ya kuomba kuonana na mwenyewe. Aje na risiti za gereji, aseme oili hubadilishwa kila kilomita ngapi, na kwa nini anauza. Mtu aliyelitunza gari lake huzungumza habari zake kama mfugaji anayeuza ng'ombe wa maziwa: hutaja tarehe, hutaja majina ya mafundi, na hata ubovu wake huusema.

Karatasi kwanza, ufunguo baadaye

Kabla ya kulipa hata amana, hatua ya kwanza hufanywa kwa simu. Kupitia eCitizen, mtu yeyote anaweza kulipa ada ndogo na kupata taarifa za gari kutoka NTSA: jina la mmiliki, namba ya chesisi na ya injini, rangi na aina. Likiwa na mkopo, jina la benki au mkopeshaji huonekana pamoja na la mwenyewe. Gari la namna hiyo halihamishwi hadi mkopeshaji aridhie.

Namba ya chesisi kwenye karatasi ilinganishwe na iliyochongwa garini. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, mazungumzo yaishe hapo. Pesa zilipwe kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye kitabu cha gari, na siku ya kulipa ndiyo iwe siku ya kuanza kuhamisha umiliki.

Mlima wa Limuru hausemi uongo

Kwenye tambarare ya Ngong Road kila gari ni zuri. Makanika mwenye uzoefu atataka kuliona mambo mawili: likiwa baridi, na likiwa limepanda mlima.

Kwa hiyo mnunuzi humpigia muuzaji simu jana yake na kumwomba asiliwashe asubuhi. Akifika, huweka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna jambo lilikuwa linafichwa. Injini za Subaru za aina ya EJ, ambazo silinda zake nne zimelazwa mbili kila upande, hutoa siri zao dakika ya kwanza: mgongo wa chuma, moshi wa buluu unaoashiria oili inaungua, au moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, ambao ni maji ya radieta yanayoingia kusikotakiwa.

Kisha hufuata Barabara ya Waiyaki. Kutoka Westlands inapita Kangemi na Uthiru, inaendelea kupanda hadi Limuru, juu ya mita 2,000, ambako mashamba ya chai huanza na baridi hupiga. Ni safari fupi, lakini gari hubeba mzigo bila kupumzika. Mshale wa joto ukipanda kupita katikati, au mapovu yakionekana kwenye chupa ya maji ya radieta, huenda gasketi ya silinda hedi imechoka. Kwa injini hizi kubwa za lita 2.5, huo ni ugonjwa unaojulikana, na tiba yake ni kuishusha injini.

Wakati wa kurudi, mteremko huo huo hupima breki. Usukani ukitetemeka, diski zimepinda. Kwa kuwa magurudumu yote manne ya magari mengi ya Subaru huendeshwa na injini, matairi yote yanapaswa kuwa ya aina moja na yaliyolika sawa. Yakitofautiana, mfumo wa kugawa nguvu huumia. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Na muuzaji akikataa gari lisipelekwe kwa fundi wa mnunuzi, au kwenye ukaguzi wa AA Kenya, basi amekwisha kujibu.

Grogan: bei halisi iko hapa

Kituo ambacho wanunuzi wengi hukiruka ndicho kingewaokoa. Ni Kirinyaga Road, karibu na mto Nairobi, ambayo wenyeji bado huiita Grogan, jina lake la enzi za ukoloni kutokana na mlowezi Ewart Grogan. Hapa injini kutoka Japan zimepangwa kama mahindi, milango imening'inizwa, na utani wa jiji ni kwamba ukiibiwa kioo cha pembeni leo, kesho utakinunua hapa hapa.

Anayepanga kununua gari la mbio aje kwanza hapa, bila gari. Apite maduka matatu akiulizia bei za vitu vitano: tabo, seti ya klachi, diski za breki, shoki na mkanda wa injini pamoja na pampu ya maji. Mkanda huo si wa kupuuzwa. Kwenye injini za EJ hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000, na ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu hugonga pistoni na injini huharibika. Asiyeweza kuthibitisha kwa risiti kwamba ulibadilishwa, ahesabu kwamba haukubadilishwa.

Hesabu ikishaandikwa, ndipo bei ya yadini hueleweka. Chukua familia yenye Sh1.2 milioni. Ikinunua gari la Sh1.2 milioni, imeishiwa siku hiyo hiyo. Ikinunua la Sh900,000 lililotunzwa vizuri, inabaki na Sh300,000 za mkanda, matairi, oili zote na dharura ya mwaka wa kwanza. Gari bora la bei hiyo kwa kawaida halivutii: rangi ya kijivu, eksozi ya kiwandani, hakuna stika.

Kuna pia hesabu ya kila siku. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita, kwa safari ya kilomita 40 kwa siku, hunywa lita 5. Lile dogo la kilomita 16 kwa lita hunywa lita 2.5. Kwa siku 22 za kazi, tofauti ni lita 55 kila mwezi. Injini nyingi za tabo zilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu, ambayo ni ghali zaidi na haipatikani kila kituo nje ya mji. Bima nayo iulizwe mapema, kwa kuwa kampuni nyingi zina kikomo cha umri wa gari zinalokubali kulipia bima kamili, na ile ya mtu wa tatu hailipi gari lako likigongwa kwa kosa lako.

Kiti cha nyuma

Jambo la mwisho halionekani barabarani. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 na kuendelea, yakiwemo baadhi ya Impreza, Legacy na Forester, yalifungwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata. Kemikali iliyomo ikichakaa kwa joto na unyevu, mfuko huweza kulipuka vibaya na kurusha vipande vya chuma kwa abiria. Mamilioni ya magari yaliitwa duniani kote yabadilishiwe, lakini lililosafirishwa kuja Afrika likiwa mtumba huenda lilipitwa na wito huo. Namba ya chesisi hutosha kumwuliza mwakilishi wa mtengenezaji kama gari lilirekebishwa.

Baada ya hapo, mzazi akae mwenyewe kiti cha nyuma. Avute kila mkanda hadi mwisho, aufunge, auvute kwa nguvu. Apapase kwenye mpenyo wa kiti kama kuna vyuma vya kufungia kiti cha mtoto. Gari linaloweza kufikia kilomita 180 kwa saa huku mkanda wa katikati umekwama si gari la familia. Ndani ya miji ya Kenya kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na kijana wa nyumba hiyo atakayepewa ufunguo siku moja atakuwa amejifunza mwendo kwa kumtazama aliyekuwa akiliendesha.

Tangu Safari Rally irudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, maelfu ya familia huteremkia Naivasha kuitazama. Wanaorudi kwa njia ya chini hupita Mai Mahiu, karibu na kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano, kisha hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Limuru. Mlima ni mrefu na malori ni mengi. Gari lililonunuliwa kwa hesabu hupanda polepole nyuma ya lori, watoto wamelala. Lililonunuliwa kwa mngurumo huegeshwa kando, boneti wazi, mvuke ukitoka, na watoto wamekaa juu ya jiwe wakiuliza watafika nyumbani saa ngapi.